Chuma cha Pua na Chuma Kisichoshika Kutu

Wafasiri wengi huviita vyuma hivi viwili kwa jina moja, chuma cha pua, na hapo humpotosha fundi. Pua, au feleji, ni chuma chenye kaboni kidogo. Nayo huota kutu. Chuma kisichoshika kutu ni pua iliyotiwa kromi isiyopungua takriban asilimia 10.5, ambayo huifanyia utando mwembamba wa kuikinga.

Neno la pili ni ukanda (wingi: kanda). Bamba ni pana. Ukanda ni mrefu na mwembamba, nao huviringishwa kama mkeka. Ukanda wenye kromi asilimia 17 na nikeli asilimia 7 hupata nguvu kwa kubanwa baina ya rola bila kupashwa moto. Hutengenezewa springi, na katika urushaji wa vyombo vya anga una historia: matangi ya roketi ya Atlas, iliyompeleka John Glenn angani mwaka 1962, yaliundwa kwa chuma cha aina hiyo. Yalikuwa membamba mno hata yakategemea shinikizo la ndani ili yasinywee.

Tutofautishe pia ugumu na nguvu. Kilicho kigumu hakikwaruziki kwa urahisi. Chenye nguvu hustahimili kuvutwa. Anayeandika “ukanda mgumu” mahali pa “ukanda wenye nguvu” amebadili kipimo cha mhandisi, si neno tu.