Mzee wa Thiowor na nishani iliyochelewa

Ijumaa ya leo tumeona ni vyema tukumbushane juu ya haki ya mtu aliyetoa jasho na damu yake kwa ajili ya wengine. Mfano wetu ni Mzee Abdoulaye Ndiaye, Mwislamu wa kijiji cha Thiowor, kaskazini mwa Senegal, mkulima aliyezaliwa mwaka 1894.

Mzee huyu hakwenda katika Vita Kuu ya Kwanza kwa kupenda. Watawala wa Kifaransa walipokuwa wakisaka vijana, walimkamata jamaa yake mkubwa ili yeye ajitokeze. Kijana akajisalimisha, mzee wake akaachiwa. Basi tuelewe kwamba hakuvaa sare kwa mapenzi ya Ufaransa, bali kwa kumhifadhi mzee wake.

Alitiwa katika jeshi lililoitwa Tirailleurs sénégalais, ingawa ndani yake walikuwamo watu wa makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Takriban 200,000 waliandikishwa katika vita ile, na wapatao 30,000 hawakurudi. Ndiaye alipigana Dardanelles dhidi ya dola ya Uthmaniya, ambayo sultani wake ndiye aliyekuwa khalifa. Hivyo Mwislamu wa kijijini akalazimishwa kuwaelekezea bunduki Waislamu wenzake katika ugomvi usiomhusu. Baadaye alipigana Somme, na akajeruhiwa.

Vita ilipokwisha mwaka 1918 alirejea kwenye jembe lake. Je, malipo? Mwaka 1959 Ufaransa ilipitisha sheria iliyogandisha pensheni za askari wa makoloni yake. Mfaransa aliyelala nao handaki moja aliongezewa kadiri maisha yalivyopanda. Mwafrika akabaki palepale. Mahakama kuu ya utawala ya Ufaransa iliutambua ubaguzi huo mwaka 2001, na usawa kamili ukaja mwaka 2011.

Mzee Ndiaye hakuyaona hayo. Mwaka 1998 Ufaransa iliazimia kumvisha nishani ya Légion d'honneur tarehe 11 Novemba, miaka 80 kamili tangu vita kumalizika. Alifariki tarehe 10, akiwa na umri wa miaka 104. Nishani ilichelewa kwa siku moja.

Dini yetu inatufunza kumlipa mtenda kazi kabla jasho lake halijakauka. Lakini tusiinyooshee kidole Ufaransa peke yake. Ni mafundi wangapi tumewapiga kalenda, njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, na ilhali mlango waliotutengenezea tunaufunga kila usiku? Ni watumishi wangapi wa majumbani wanaodai mishahara ya miezi?

Tunausia kwamba mwenye deni la ujira alilipe leo, kabla ya adhana ya Magharibi, maana hatujui ni nani kati yetu na mdai wetu atakayeiona kesho. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Ndiaye na wenzake. Amin.