Kupoza Giaboksi ya Otomatiki kwa Vipuri Chakavu

Gari litokalo mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, kwenda mjini Njombe halina budi kupanda. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari; mji wa Njombe uko takriban mita 1,900. Kati ya ncha hizo mbili ndiko yaliko makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na ndiko zinakopita barabara za kona na miteremko ambazo wananchi huzitumia kusafirisha viazi, mahindi, mbao na abiria. Magari mengi madogo yapitayo huko yaliundwa Japani, yakatumika kwanza huko, kisha yakaingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam. Mengi kati yake yana giaboksi ya otomatiki. Giaboksi hiyo ikiungua mlimani, mwenye gari hupoteza chombo kinachomlisha, na fundi wa Makambako au Njombe hutakiwa kuifungua mashine ambayo pengine angeweza kuiokoa mapema kwa kipande cha gari bovu.

Ili kufahamu kwa nini giaboksi hiyo huungua, inafaa kwanza kufahamu namna inavyopitisha nguvu. Zikiwekwa feni mbili za mezani zikitazamana, na moja tu ikawashwa, ile isiyo na umeme itazunguka kwa kusukumwa na upepo wa mwenzake. Katika giaboksi ya otomatiki kazi ya upepo hufanywa na mafuta, na chombo kinachoshika feni hizo mbili mafundi hukiita konveta. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1905, naye alikikusudia kwa ajili ya meli. Magari yalikuja baadaye: mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic, iliyoingia katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

Feni inayosukumwa huzunguka polepole kuliko inayosukuma. Tofauti hiyo haipotei bure. Hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Katika magari ya sasa ipo klachi ya ndani inayozifunga feni hizo pamoja gari likishika mwendo, lakini katika kupanda mlima polepole klachi hiyo kwa kawaida huwa imeachia. Gari likikwama topeni na dereva akaendelea kukanyaga mafuta huku magurudumu hayazunguki, karibu nguvu yote ya injini hubaki kwenye konveta kama joto.

Hesabu kidogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Ichukuliwe kwamba gari lenye kilo 2,000 pamoja na mzigo linapanda mlima wenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilometa 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde. Kila sekunde gari huinuka nusu mita. Kwa mvuto wa 9.8, kazi hiyo inataka wati 9,800, tukiacha msuguano wa matairi. Iwapo konveta inapitisha asilimia 75 tu ya nguvu inayopokea, injini italazimika kuipa wati 13,000 hivi, na wati zipatazo 3,250 zitabaki kuwa joto. Hizo ni sawa na pasi tatu za umeme zilizotumbukizwa katika mafuta. Lita 7 za mafuta hayo zina uzito wa kilo 6 hivi, na kila kilo huhitaji kama jouli 2,000 ili ipande nyuzi 1. Bila ya kupozwa, mafuta yangepanda nyuzi 16 kwa dakika. Kweli, chuma na aluminiamu ya giaboksi hunyonya sehemu ya joto hilo na kuchelewesha mambo. Lakini mlima wa nusu saa hauna haraka.

Mafundi wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba, mafuta yakishapita nyuzi 80 hivi, kila nyongeza ya nyuzi 11 hukata umri wake nusu. Kwa kanuni hiyo, mafuta yanayofanya kazi kwenye nyuzi 124 yana umri wa sehemu moja ya kumi na sita. Huwa meusi, hunuka kuungua, na sili za mpira hukauka na kuvuja.

Kiwanda hakikusahau jambo hili. Katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupitishwa kwenye bomba lililomo ndani ya tangi la rejeta na kupozwa na maji ya injini. Hapa kuna kasoro mbili. Mafuta hayawezi kupoa kuliko maji yanayoyapoza, na maji hayo yenyewe mlimani huwa karibu nyuzi 90 au zaidi. Tena, juu Njombe hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo feni ileile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi kupita kwenye rejeta. Baridi ya Njombe hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini kule chini karibu na ziwa, mlima unakoanzia, hakuna baridi.

Ndipo linapokuja rundo la vyuma chakavu. Kinachotafutwa ni rejeta ndogo ya pili, itakayopozwa na hewa tupu. Kipoza mafuta kilichotoka kwenye gari lililoharibika kwa ajali, na ambalo giaboksi yake ilikuwa nzima, ndicho bora kuliko vyote. Kile kilichotoka kwenye gari ambalo giaboksi yake ilikufa kiachwe hapohapo kilipo, hata kikitolewa bure. Vumbi la chuma na unga wa klachi hukwama katika vijia vyake vyembamba, na hakuna kuosha kunakoaminika. Kitaupeleka ugonjwa wa marehemu kwa aliye hai. Rejeta ya hita nayo huwavutia wengi kwa kuwa ni ndogo, lakini iliundwa kwa shinikizo dogo la maji, na zile zenye matangi ya plastiki zaweza kupasuka au kuvuja zikibebeshwa shinikizo la mafuta. Isitoshe, hubaki na masalia ya maji na dawa ya rejeta, na vitu hivyo hubabua karatasi za klachi. Kondensa ya kiyoyozi ni imara kwa shinikizo, ila nyingine zina vijia vyembamba mno hata mafuta hupita kwa shida.

Kipuri kikishachaguliwa, mdomo mmoja huzibwa, hewa hutiwa kwa pampu ya mkono, na chote huzamishwa katika karai la maji. Povu likitoka, kitafutwe kingine. Kikiwa kizima, hukaushwa kabisa, husafishwa kwa mafuta ya taa, kisha husukumwa mafuta mapya ya giaboksi mpaka yatoke safi. Hufungwa mbele ya rejeta kubwa kwa vibati vyake, bila kugusana nayo. Mpira wa maji haufai hata kwa siku moja, kwani hulainika kwa mafuta. Utumike mpira uliotengenezwa kwa mafuta ya giaboksi, nao ufungwe kwa vibano juu ya mabomba yenye ukingo uliovimba.

Mpangilio wa mabomba una maana. Mafuta yapite kwanza rejeta kubwa, kisha kipoza cha nje, ndipo yarudi kwenye giaboksi. Rejeta kubwa isirukwe, kwa sababu asubuhi ya Julai mjini Njombe maji ya injini ndiyo yanayoyapasha mafuta mazito.

Kabla ya kuunganisha bomba la kurudi, fundi hulielekeza katika chupa ya lita na kuwasha injini kwa sekunde 20 tu, gari likiwa limezuiwa vizuri. Kwa magari mengi, chupa ikikaribia kujaa, njia ni nzuri. Ikipata robo tu, kipoza kimeziba na kitaiua giaboksi badala ya kuiponya. Kisha mafuta huongezwa, ya aina ileile iliyoandikwa katika kijitabu cha gari, maana kipoza kimeongeza nafasi ya kujazwa.

Dereva naye ana kipoza chake kisichouzwa dukani: kuweka gia ya chini mapema, kabla mlima haujaanza kulibana gari. Injini huzunguka kwa kasi zaidi, utelezi katika konveta hupungua, na joto hupungua nao.

Shule iliyo na rejeta kuukuu ya hita inaweza kulipima jambo hili bila gari. Maji ya nyuzi 80 yapitishwe humo kutoka ndoo iliyoinuliwa, yapimwe yanapoingia na yanapotoka, kwanza bila feni na kisha kwa feni ya mezani. Wingi wa maji kwa sekunde, ukizidishwa kwa tofauti ya nyuzi na kwa 4,200, utatoa wati zilizoondolewa. Wanafunzi wa Njombe na wa Manda, kando ya ziwa, wakilinganisha tarakimu zao kwa rejeta na feni za aina moja, watakuta hazifanani.