Nauli ya Mvua: Gari za Matatu na Siasa za Jiji la Nairobi

Katika mji wa Nairobi ziko nauli mbili: iko nauli ya jua na iko nauli ya mvua. Asubuhi kukiwa kukavu, mtu hutoka Eastleigh akaingia mjini kwa fedha kidogo. Jioni wingu likitanda, gari ile ile, njia ile ile na kiti kile kile bei yake huwa maradufu, na pengine zaidi. Wenyeji wamekwisha kulizoea jambo hili hata hawaliulizi tena. Sisi nasi tulikuwa katika hao wasiouliza, mpaka jioni moja ya masika lilipotufikia mlangoni petu.

Watoto wawili wa madrasa yetu, ndugu wa baba na mama mmoja, mkubwa ana miaka kumi na mmoja na mdogo minane, walitoka chuoni baada ya darsa ya alasiri. Mama yao ni mjane, na huwapa nauli kamili, isiyozidi wala isiyopungua. Siku ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Walipanda gari, na kabla haijafika mbali makanga akawadai nauli ya mvua. Hawakuwa nayo. Wakashushwa pale pale, nayo magharibi yakaribia.

Tulikuwa tumekwisha kuswali Ishaa mama yao alipotujia, nguo zimemrowa, akituuliza, "Maalim, wanangu wako wapi?" Tukatoka na tochi, sisi na vijana wawili wa msikitini. Tuliwakuta barazani pa duka lililofungwa. Mdogo alikuwa akitetemeka, na juzuu yake ameitia ndani ya mfuko wa nailoni akaificha chini ya kanzu isije ikarowa. Alhamdulillahi hawakupatwa na baya kubwa, ila mdogo aliumwa homa siku tatu. Lililotuchoma zaidi lilikuja baadaye. Tulipomwuliza mkubwa kama amjua aliyewashusha, alimtaja kwa jina, naye ni kijana tuliyemsomesha sisi wenyewe, aliyehitimu juzuu kumi katika chuo chetu hiki hiki.

Kabla ya kueleza alivyotujibu kijana huyo, yafaa vijana wetu wajue gari hizi zilitoka wapi, kwani wengi hudhani zilikuwako tangu kuumbwa kwa mji.

Mabasi ya kampuni ya Kenya Bus Service yalianza kazi Nairobi mwaka 1934. Kutoka siku hizo basi na siasa havikuachana. Mwaka 1953, zama za Hali ya Hatari, Waafrika wa Nairobi waliyagomea mabasi wakaenda kwa miguu, na aliyepanda alihofia roho yake. Baada ya uhuru, mwaka 1966, baraza la mji lilipata robo ya hisa za kampuni ile, nayo kampuni ikapewa haki ya peke yake ya kuchukua abiria mjini. Walakini watu walimiminika kutoka mashamba, mitaa ikatanda, na mabasi hayakutosha wala hayakufika kila mahali. Hapo ndipo zilipoingia gari kuukuu za watu binafsi, zikichukua abiria kwa kujificha, nauli yake mapeni matatu ya senti kumi kumi. Jina la matatu latoka katika mapeni hayo.

Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba gari hizo zichukue abiria bila ya leseni zile walizotakiwa wengine. Amri ile ilikuwa rehema kwa maskini wawili: yule asiyekuwa na basi mtaani kwake, na yule aliyekuwa na gari moja mbovu akitafuta riziki. Hatuibezi hata kidogo. Lakini mlango ulifunguliwa na bawabu hakuwekwa, na tangu siku ile kila serikali iliyokuja imekuwa ikimtafuta bawabu huyo. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kuzitia gari hizi katika leseni. Mwaka 1986 serikali ikaleta mabasi yake ya Nyayo, ambayo watu waliyapenda, nayo hayakumaliza hata miaka kumi na mitano. Wageni kutoka Uingereza, Stagecoach, waliinunua Kenya Bus mwaka 1991, wakaondoka mwaka 1998. Matatu zikabaki uwanjani.

Aliyekaribia kuwa bawabu alikuwa waziri John Michuki, Mungu amlipe kwa jema alilofanya. Kanuni zake zilitangazwa mwaka 2003, na mwezi wa Februari 2004 zikatiwa nguvu: mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, abiria 14 ambapo zamani walikuwa 18, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na makanga. Ilikuwamo pia kanuni ambayo haikuvuma, nayo ni kwamba wafanya kazi hao waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Wasomaji waishike kanuni hiyo, tutairudia. Kwa siku kadhaa gari zilipungua njiani na watu walitembea, kisha wakapanda kwa adabu. Lakini Michuki alipokwisha kuondoka katika wizara ile kanuni zikalegea, hata mwezi wa Novemba 2018 ikabidi zitangazwe upya kana kwamba ni mpya.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tulimwita, akaja Ijumaa baada ya swala, ameinamisha kichwa. Hatukumpigia kelele. Tulimwuliza tu, "Mwanangu, watoto wale hukuwajua?" Akasema, "Niliwajua, Maalim." Kisha akaeleza, na maneno yake twayaandika karibu na alivyoyasema:

"Tajiri anataka hesabu yake usiku, iwe mvua, iwe jua. Mafuta ni juu yetu. Wale vijana wa stejini wanataka chao kila tukijaza gari. Askari njiani naye ana chake. Kinachobaki ndicho changu na dereva, na siku nyingine hakibaki kitu. Mvua ikinyesha barabara zinaziba, safari nane zinakuwa nne. Basi hizo nne lazima zilipe za nane. Na kiti cha mtoto, Maalim, ni kiti cha mtu mzima."

Tulinyamaza kitambo. Miaka mingi tumepanda gari hizi tukidhani nauli ya mvua ni tamaa tupu ya makanga. Iko tamaa, hapana shaka. Lakini iko na hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo yaanza nyumbani kwa tajiri, ikapita stejini na kwa askari, ikamalizikia mgongoni mwa mtoto wa miaka minane. Kila mmoja humsukumia wa chini yake, na wa chini kabisa hana wa kumsukumia.

Tulimwambia kijana kwamba sababu si udhuru. Sura ya Al-Mutaffifin, ambayo aliihifadhi mikononi mwetu, ni onyo kwa wapunjao vipimo, na safari nayo ina kipimo chake: aliyelipa afikishwe alikokubaliana. Ujira katika ijara sharti ujulikane kabla ya kazi kuanza. Kumpandisha mtu bila ya kumtajia nauli, kisha ukamtajia nyingine gari ikiwa mwendoni, na mvua imemfunga asiweze kushuka, hiyo si biashara ya kuridhiana. Alikubali, akalia. Machozi yake lakini hayakupunguza hesabu ya tajiri.

Je, serikali iweke nauli? Swali hili si jepesi kwa mwenye kujua dini. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu. Wenye magari wakiijua hadithi hii wataishika kwa mikono miwili! Lakini wanavyuoni waliitazama kwa makini. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, katika risala yake juu ya Hisba alieleza kwamba bei ikipanda kwa uchache wa vitu haijuzu kumlazimisha mwuzaji, bali wauzaji wakiwadhulumu watu katika kitu wasichoweza kukikosa, mtawala ana haki ya kuwalazimisha bei ya uadilifu. Naye Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alitaja katika kazi za muhtasib kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi kikaogopewa kuzama, na wasisafiri pepo zikivuma kwa nguvu. Hayo yaliandikwa juu ya majahazi, karibu miaka elfu kabla ya Michuki.

Basi muhtasib wa Nairobi ni nani? Hapa ndipo siasa inapoingia, na hapa ndipo wengi wetu hufumba macho. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa serikali za kaunti kazi ya barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa abiria. Leseni za gari ziko kwa mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kukamata wahalifu njiani ni kazi ya polisi. Ukilalamika kwa huyu hukuonyesha kwa yule. Nauli haikuwekwa na yeyote kati yao. Mwaka 2014 iliamriwa nauli zilipwe kwa kadi, zisishikwe fedha taslimu, ili hesabu ijulikane. Amri ilikufa, kwa kuwa waliokula katika zile fedha taslimu walikuwa wengi kuliko waliotaka zijulikane. Wako wenye vyeo na hata askari wenye kumiliki matatu, na jambo hilo si siri kwa mtu yeyote aishiye hapa. Na zikija siku za uchaguzi, gari zile zile na vijana wale wale wa stejini hukodiwa kubeba watu kwenda mikutanoni. Mtawala aliyechukuliwa na farasi mpaka kitini ataona tabu kumtia hatamu.

Tarehe 3 Desemba 2018 gavana wa wakati ule, Mike Sonko, alizipiga marufuku matatu zisiingie katikati ya mji. Abiria walishushwa Muthurwa, Ngara na kwingineko, wakaenda kwa miguu. Tulikuwa miongoni mwa waliotembea. Tuliwaona wanawake wajawazito, wazee wenye mikongojo, na mtu mwenye kiti cha magurudumu akihangaika katika umati. Mji kweli ulikuwa mtulivu, hata sauti za ndege zilisikika, lakini utulivu ule uligharimiwa na miguu ya maskini, kwani wenye motokaa zao waliingia kama kawaida. Kelele zilipozidi amri iliondolewa upesi. Kuanzia mwaka 2020 jeshi lilitiwa katika kazi za jiji chini ya Jenerali Mohamed Badi, kikajengwa kituo cha Green Park, na mabishano ya nani aingie na nani asiingie yakarithiwa na gavana Sakaja, aliyechaguliwa mwaka 2022.

Wako watuambiao, tazameni Dar es Salaam. Ni kweli, tangu Mei 2016 wana mabasi yaendayo kasi katika njia yake peke yake, na nauli za daladala huwekwa na mamlaka ya serikali, haziongezwi kwa wingu. Hilo ni jambo la kuigwa. Lakini tusidanganyane: huko nako mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, husukumwa mlangoni makondakta wakitafuta watu wazima. Bei ikiwekwa na jicho likakosekana, mnyonge hubaki stendi.

Sheria ya nchi yataka wananchi waulizwe maoni kabla ya kaunti kupitisha mipango na bajeti yake. Vikao hivyo hutangazwa. Sisi wa msikiti wetu tulikuwa hatujapata kuhudhuria hata kimoja, wala hatujui jamaa wa msikiti wa jirani aliyehudhuria. Twasimama nusu saa baada ya swala tukiilaumu serikali, kisha twaenda kugombania viti.

Gari aliyofanyia kazi kijana wetu, tajiri wake ni Mwislamu. Huswali safu ya mbele. Si mtu mbaya. Bati za paa la madrasa yetu yeye alizitoa. Tulimwendea baada ya Magharibi, sisi na wazee wawili, tukamweleza kisa cha watoto. Alishtuka, kwani hakujua. Akasema, "Maalim, mimi sikuweka nauli. Mimi nataka hesabu yangu tu." Tukamwambia kwamba hiyo hesabu ndiyo iliyoweka nauli.

Tulizungumza mpaka usiku. Mzee mmoja alisema agawane nao pato kwa mafungu. Tukamjibu kwamba Mahanbali walijuzisha mtu kumpa mwenziwe mnyama wake amfanyie kazi kwa fungu la pato, lakini madhehebu yetu ya Shafii hayakulikubali. Tukamwonyesha njia isiyo na shaka: mshahara maalumu wa mwezi kwa dereva na makanga, kama ile kanuni ya mwaka 2003, na nauli iandikwe kiooni mbele, moja tu. Alitaja deni la gari, bei ya mafuta, na kwamba tajiri wa gari ya pili atamcheka. Mwisho alikubali kujaribu gari moja kati ya mbili alizo nazo, mpaka mwezi wa Shaaban.

Mwezi wa kwanza pato lake lilishuka, akatuambia bila ya kuficha. Mwezi wa pili lilipanda kidogo, kwani abiria walianza kuisubiri gari yenye bei kiooni. Vijana wa stejini wameikasirikia, na mara mbili wameizuia isijaze. Amekwenda kushtaki, na bado hajajibiwa.

Mama wa watoto hajaamini. Wingu likitanda juu ya mji, darsa haijamalizika, tumwona amekwisha kufika na mwavuli wake, amesimama mlangoni akiwangojea.