Vioo vya Harvard

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianzisha kituo chake cha kuangalia nyota mwaka 1839. Mwaka 1847 kikafunga darubini ya lenzi yenye upana wa sentimita 38, na mwaka 1850 darubini hiyo ikapiga picha ya Vega, nyota ya kwanza kupigwa picha ukiacha Jua. Lakini hazina ya kituo kile naiona kwingine: kwenye makabati yaliyojaa vioo vya picha.

Edward Pickering, aliyekiongoza kuanzia 1877 hadi 1919, alitaka anga lote lipigwe picha, tena na tena, miaka nenda miaka rudi. Nyota za kusini kabisa hazionekani kutoka Massachusetts, kwa hiyo tawi likafunguliwa Arequipa, Peru. Picha zilinaswa kwenye vioo vilivyopakwa dawa. Vimekusanyika zaidi ya 500,000.

Waliovisoma walikuwa wanawake, wakilipwa senti chache kwa saa. Kioo kiliegeshwa kwenye fremu, chini yake kioo cha kujitazamia kikirudisha mwanga wa dirishani. Nyota zilionekana kama vitone vyeusi. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, aliinama na lenzi, akalinganisha kitone cha usiku huu na cha usiku ule, kisha akaweka alama ya wino ubavuni mwake.

Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota ambalo hata pwani yetu huonekana upande wa kusini, penye giza la kutosha. Kila moja ya nyota hizo hung'aa na kufifia kwa zamu inayojirudia. Kwa kuwa zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, inayoonekana kali zaidi ni kali kweli. Naye akagundua kwamba kadiri nyota ilivyo kali, ndivyo zamu yake inavyokuwa ndefu. Basi hesabu siku za zamu, utajua ukali halisi. Ulinganishe na ukali unaoonekana, utapata umbali.

Mwanaastronomia Edwin Hubble alitumia kanuni hiyo kuthibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali kabisa nje ya yetu. Wakati huo Leavitt alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1921.

Miaka ya karibuni vioo vimeingizwa kwenye kompyuta, na watafiti wanafuatilia nyota moja kwa zaidi ya karne nzima. Ili skana isome vizuri, alama za wino zilipigwa picha kwanza, kisha zikafutwa kwenye vioo vingi. Naelewa sababu, ila moyo unaniuma: ule ulikuwa mwandiko wa wale wanawake.