Ng'ombe wa Uani na Haki ya Jirani

Ng'ombe wa uani ni neema. Watoto hunywa maziwa, na mjane huuza yanayobaki akapata fedha ya madaftari. Hatuibezi neema hiyo. Tunakumbusha tu kwamba mjini tunaishi ukuta kwa ukuta.

Hapa Tanzania, Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi wa mjini kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, tena wakilishwa bandani, wasiachwe kuzurura. Wapo wenye wanne hao hao wanaodhani wamekwisha timiza wajibu. Tunawauliza: samadi inakwenda wapi? Mkojo unatiririkia kisima cha nani? Kanuni huhesabu vichwa. Harufu inamfika jirani akiwa anafuturu.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa Jibrili aliendelea kumuusia kuhusu jirani hata akadhani kwamba atamfanya mrithi. Basi kabla ya kujenga banda, tubishe hodi kwa jirani, tumsikilize. Banda liwe mbali na dirisha lake, samadi izolewe kila siku. Na maziwa yakikamwa, kikombe kimoja kivuke ua kwenda kwake.