JERAHA LA MGUU LISINGOJE MIEZI



Panga likiteleza shambani, au mguu ukikanyagwa na gurudumu la trekta, pengine ngozi na nyama huondoka na mfupa hubaki wazi. Mwenzetu hufungwa bendeji zahanati wiki baada ya wiki, na jeraha halifungi. Kwa nini?

Ngozi huishi kwa damu. Daktari aweza kutoa ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza juu ya jeraha. Ngozi hiyo hunywa damu ya mahali inapolazwa. Juu ya nyama nyekundu hushika. Juu ya mfupa mtupu hufa, kama mche uliopandwa juu ya jiwe.

Jeraha la namna hiyo linataka flapu, yaani kipande cha ngozi na nyama kinachohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Wenzetu wa mashamba ya chai wataelewa upesi: mche hutolewa kitaluni na udongo wake, ndipo haunyauki. Kwa kisigino, ngozi yaweza kutolewa kwenye shavu la mguu. Upande wa chini huachwa umeshikamana karibu na kifundo ili damu ipite, kisha kipande hugeuzwa na kushonwa juu ya jeraha. Masquelet wa Ufaransa na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1992, nayo haihitaji hadubini. Jeraha likiwa kubwa zaidi, nyama hutolewa mbali, kama mgongoni, na mishipa huunganishwa kwa hadubini.

Muda ni jambo kubwa. Mwaka 1986 Dakta Marko Godina wa Ljubljana, katika Yugoslavia ya wakati ule, alitoa matokeo ya wagonjwa 532 wa mikono na miguu waliotibiwa kwa njia hiyo ya hadubini. Kwa waliopasuliwa ndani ya saa 72, flapu zilizokufa hazikufika 1 kati ya 100. Kwa waliongojea zaidi ya hapo, hadi miezi 3, zilikuwa 12 kati ya 100.

Kwa hiyo, ndugu:

1. Mfupa au kano ikionekana, ombeni rufaa siku hiyo hiyo. Hapa Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi ina madaktari wa kazi hii.

2. Mwajiri apewe taarifa ya ajali mara moja, tena kwa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataka taarifa ifike kabla ya mwezi mmoja kupita. Sheria hiyo hiyo inamtwika mwajiri gharama za matibabu.

3. Aliyepasuliwa asivute sigara, kwani tumbaku hubana mishipa ya damu. Akipona, akague kisigino kila siku, maana ngozi ngeni huenda isisikie kokoto ndani ya buti.

Mwenzenu akiumia, asiachwe peke yake na bendeji. Mwakilishi wa chama afuatilie rufaa mpaka ipatikane. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.