Je, Wajua? Karatasi hupima meno ya gia

Injini ya kigari cha rimoti kinachotumia mafuta ya nitro huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, lakini gia zake hupimwa kwa kipande cha karatasi! Fundi hukibana kati ya gia ndogo ya chuma na ile kubwa ya plastiki, hukaza boliti za injini, kisha hukichomoa. Uwazi unaobaki ni kama milimita 0.1. Gia zikibanana mno hulia na kupata moto. Zikilegea, meno ya plastiki hunyolewa. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukikagua, maana mara nyingi si duara kamili.

Bodaboda za Masasi na Newala zimeachiwa nafasi zaidi: minyororo ya pikipiki nyingi hucheza sentimita 2 hadi 3, ingawa mchanga huisaga upesi.